Mchakamchaka Uliozimwa: Miili ya Watoto wa Gongoni Tangu Likizo ya Korona

Jumanne ya Machi 17, 2020, siku moja baada ya Wizara ya Afya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania, Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alitangaza kufungwa kwa shule zote za awali, msingi na sekondari kwa siku 30. Siku 30 zikaongezwa. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1. Wengine wote, wakiwamo watoto wa shule za msingi wa Gongoni, Kanyenye, Isevya na kata nyingine za Manispaa ya Tabora, walisubiri hadi Jumatatu ya Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu taifa lilihesabu mengi: wagonjwa, ndoo za maji tiririka, bei ya malimau na tangawizi, vipindi vya masomo vilivyopotea. Hatua za watoto hazikuhesabiwa.

Nazo zilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani. Mtoto wa shule ya msingi mjini Tabora huianza siku kwa miguu. Anatoka nyumbani kungali na ubaridi, ufagio au kidumu cha maji mkononi, akiwapitia wenzake nyumba kwa nyumba. Akifika kuna namba: kufagia, kuokota takataka, kumwagilia maua. Filimbi ikilia ni mistari, halafu mchakamchaka, wakubwa mbele na wadogo nyuma, nyimbo zikiitikiwa kwa pumzi zinazokatika, vumbi jekundu likiwapanda hadi magotini. Saa ya mapumziko wavulana wana chandimu yao, wasichana wana rede na kamba. Pale ambapo shule haina chakula, mchana mtoto hurudi nyumbani kula, akimaliza anarudi tena darasani.

Tuchukue mtoto anayekaa kilometa moja kutoka shuleni. Kwa mwendo wake wa kuharakisha, kilometa hiyo ni kama dakika kumi na tano. Akienda asubuhi, akirudi kula, akaenda tena na kurudi alasiri, amekwishatembea saa nzima kabla hujagusa mchakamchaka, namba wala mpira. Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mpya: mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoongeza mapigo ya moyo, na angalau siku tatu kwa wiki awe na shughuli za nguvu pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa. Mtoto wa Gongoni alikuwa anazipata dakika hizo kwa kwenda shule tu. Mzazi hakulazimika kuzipanga wala kuzilipia. Ndiyo maana zilipotoweka hakuna aliyeziulizia: shule ilipofungwa tuliona daftari limefungwa, hatukuona kuwa njia ya kwenda shule nayo imefungwa.

Tanzania haikuwafungia watu ndani, na hilo lazima lisemwe wazi tunapojilinganisha na wengine. Hispania iliwazuia watoto kutoka nje ya nyumba zao tangu katikati ya Machi 2020 hadi Aprili 26, siku ambayo wenye umri chini ya miaka 14 waliruhusiwa saa moja kwa siku, wasiende zaidi ya kilometa moja kutoka nyumbani. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia Machi 27, na wanafunzi wake wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Uganda ilifunga shule Machi 2020, ikazifungua na kuzifunga tena, na hazikufunguliwa zote hadi Januari 10, 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwetu masoko yalikuwa wazi, misikiti na makanisa yalikuwa wazi, bodaboda ziliendelea kubeba. Hakuna askari aliyesimama kwenye vichochoro vya Gongoni kumzuia mtoto asicheze.

Geti lilifungwa na mzazi, na kwa yale yaliyojulikana wakati ule alikuwa na haki kulifunga. Viongozi walikuwa wakiwahimiza wazazi wasiwaache watoto wazurure, kwa sababu shule hazikufungwa ili watoto wakajazane mtaani. Takwimu za nchi zilikoma zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo kila familia ilibaki kukisia yenyewe. Mama mwenye bibi kizee ndani, mwenye mtoto wa pumu, angefanya nini? Alimwita mtoto ndani, akamnawisha mikono, akamfukiza kwa majani ya mwarobaini na mchaichai, akamwambia akae. Simlaumu. Ninachotaka kukitazama ni kile kilichotokea kwenye mwili wa mtoto baada ya kuambiwa akae, na kwa nini wengi wao hawajainuka sawasawa hadi leo.

Nyumba nyingi za mitaa ya zamani ya Tabora zina sura moja. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi mrefu wenye vyumba vinavyotazamana, nyuma kuna uwani palipo na jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Vyumba hivyo mara nyingi vimepangishwa, kila kimoja na familia yake. Watoto wa familia nne au tano wakikatazwa kutoka, uwani mmoja hauwatoshi, na wakianza kukimbizana watamwaga maji ya mpangaji mwenzenu au kugonga jiko la mkaa lenye sufuria. Basi wanaitwa vyumbani. Chumbani kuna kitanda, kochi, na mahali penye uwezo kuna televisheni na king'amuzi. Mtoto huanza na vipindi vya masomo vilivyokuwa vikirushwa wakati ule, kipindi kikiisha anahamia kwenye katuni, katuni zikiisha anahamia kwenye sinema za Kihindi zilizotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili. Simu ya mama ikiwa na bando inazunguka mikono yote ya nyumba. Usiku unasogea mbele kwa kuwa hakuna anayeamka mapema, na asubuhi inasogea pamoja nao.

Wavulana wakubwa kidogo walitoroka. Walikwenda kwenye vibanda umiza na vibanda vya gemu, wakabanana kwenye mabenchi bila dirisha wakitazama skrini moja. Hapo tulipata hasara mbili kwa mpigo. Mtoto aliyezuiwa asicheze mpira kwenye uwanja wenye upepo, mahali ambapo ugonjwa wa kuambukizwa kwa hewa hupata shida kuenea, aliishia kwenye kibanda cha mabati chenye pumzi za watu thelathini, tena amekaa. Tungekuwa tumefikiri vizuri zaidi mwaka ule, tungewafukuza vibandani tukawapeleka uwanjani.

Lakini likizo ya korona haikuwa moja kwa watoto wote. Machi hadi Juni ni miezi ya mavuno Unyamwezini. Karanga zinang'olewa, mahindi yanavunwa, tumbaku inakaushwa kwenye mabani. Wazazi wengi wa mjini waliwapandisha watoto basi kwenda kwa babu na bibi huko Sikonge, Urambo, Uyui na Kaliua, na hao hawakukosa mwendo hata kidogo. Walichota maji, walikwenda porini kutafuta kuni, walibeba mahindi, walichunga. Wengine walibaki mjini wakitembeza karanga na ndizi kwenye beseni kutwa nzima. Ungewafungia mashine ya kuhesabu hatua watoto hao, wangekuwa juu ya kila kiwango cha WHO. Ila ningependa tusilichukue hilo kama ushindi. Mtoto anayebeba beseni anapata mwendo wa miguu. Hapati kuchagua, hapati kucheka mpaka akaanguka, hapati kushindwa mchezo leo na kuulipiza kesho. Na mara nyingi anayebeba beseni ni msichana. Kaka yake alipokuwa anakaa kochini, yeye alikuwa anaosha vyombo vya watu wanane ambao sasa walikuwa wanashinda nyumbani. Wote wawili walikosa mchezo, mmoja kwa kukaa na mwingine kwa kufanya kazi.

Yaliyopimwa kwingine duniani yanatupa picha. Mwaka 2022 jarida la kitabibu JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 22 zenye watoto 14,216 kutoka nchi mbalimbali. Ulionyesha kuwa shughuli za mwili za watoto kwa siku zilipungua kwa asilimia 20 wakati wa janga. Na tulikuwa tayari tumeanzia chini. Mwishoni mwa 2019, korona haijajulikana, watafiti wa WHO walitoa matokeo ya wanafunzi milioni 1.6 wa nchi 146: asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawakuwa wakifikia kiwango cha saa moja kwa siku. Wavulana walikuwa asilimia 78, wasichana 85. Janga lilikuta shimo limekwishachimbwa, likalizidisha kina.

Sipendi takwimu hizi zitufikie kama habari za watu wanene wa mbali, kwa sababu mwili wa mtoto wa Tabora una hesabu yake. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni afadhali kuliko asilimia 34 ya miaka saba iliyotangulia, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Ukiwa na watoto wa namna hiyo huwezi kuja na ushauri wa kupunguza uzito uliotoka nchi za walioshiba. Mtoto aliyekula uji mara moja tangu asubuhi hahitaji kuambiwa akimbie zaidi, anahitaji sahani kwanza. Hata hivyo chakula peke yake hakimkamilishi. Mfupa hukua kwa kubebeshwa uzito: mtoto anaporuka kamba na kutua, mshtuko wa kutua ndio unaoiamuru mifupa ijiongezee madini, na akiba kubwa ya madini hayo huwekwa utotoni na katika miaka ya balehe, ikatumika hadi uzeeni. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Msuli uliolala huiacha ikizunguka. Na aliyedumaa utotoni ana hatari zaidi ya kupata kisukari na shinikizo la damu ukubwani ikiwa atakuja kuishi maisha ya kukaa na kula mafuta. Kwa hiyo mtoto wetu aliyeanza na upungufu ndiye hasa asiyefaa kuzoeshwa kochi.

Kuna pia macho, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika mji wa Feicheng, mkoa wa Shandong nchini China, watoto wa shule hupimwa macho kila mwaka, kwa hiyo janga lilipokuja kulikuwa na kumbukumbu za kulinganisha. Kati ya 2015 na 2019, watoto wa miaka sita wenye tatizo la kutoona mbali hawakuwahi kuzidi asilimia 5.7. Mwaka 2020, baada ya miezi ya kufungiwa ndani, walifika asilimia 21.5. Mwanga wa jua unasaidia kuzuia jicho la mtoto lisirefuke kupita kiasi, na kuangalia vitu vya karibu siku nzima, ukutani na kwenye simu, kunalisukuma jicho upande mwingine. Tabora ina jua la bure karibu mwaka mzima. Mtoto anayeishi chini ya jua hilo akaharibikiwa macho kwa kukosa mwanga, hilo ni jambo la kuhuzunisha kweli.

Na huu ni mji wa watembeaji, pengine kuliko mji mwingine wowote wa bara. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, kila kitu kilichoingia Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa zamani, na kutoka kilipita mgongoni, kichwani au begani mwa mtu: shanga, nguo, nyaya za shaba, pembe za ndovu. Msafara kutoka Bagamoyo ulichukua miezi kadhaa, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo kutoka pwani hadi Ujiji. Richard Burton, aliyefika Kazeh Novemba 1857 pamoja na John Speke, aliandika kuwa watoto wa Kinyamwezi walianza kujizoeza upagazi wakiwa na miaka sita au saba, wakibeba vipande vidogo vya pembe begani. Sitamani siku hizo zirudi, maana njia ile ilikuwa na minyororo ya watumwa na makaburi ya waliokufa kwa ndui na njaa. Nazitaja ili tuone ni kwa haraka kiasi gani mwili wa mtoto wa mji huu umebadilishiwa maisha. Babu zake walitembea hadi baharini na kurudi. Bibi yake alitembea hadi Kwihara na kurudi kwa siku moja akaona si kitu. Mama yake alikwenda shule kwa miguu. Yeye anapandishwa bodaboda pamoja na wenzake wawili kwa safari ambayo miguu ingeimaliza kabla jua halijawa kali.

Bodaboda hiyo ndiyo inayonifikisha kwenye jambo lililo zito zaidi kuliko likizo yenyewe. Shule zilifunguliwa Juni 29, 2020. Mchakamchaka ulirudi, namba zikarudi. Lakini mazoea ya likizo yalibaki nyumbani. Televisheni iliyowashwa asubuhi kumtuliza mtoto wakati wa korona haikujifunza kuzimwa. Simu iliyokuwa ya mama ikawa ya nyumba. Wazazi walioogopa kuwa watoto wamepoteza masomo waliongeza tuisheni: mtoto anatoka darasani alasiri, anakwenda kukaa kwenye benchi jingine hadi magharibi, na Jumamosi vivyo hivyo. Ukiongeza saa za shule, saa za tuisheni, saa za kazi ya nyumbani na saa za katuni, unapata mtoto anayekaa kutwa nzima kama karani. Wakati huohuo nafasi za wazi mitaani zimezidi kujengwa. Mji una zaidi ya watu laki tatu kwa sensa ya 2022, unakua, na kila kiwanja kilichokuwa cha chandimu kina mwenye hati. Ukuta unapanda, geti linafungwa, watoto wanahamia barabarani, magari yanawafukuza, mama anawaita ndani. Hapo tunarudi kwenye kochi bila ugonjwa wowote.

Michezo ya watoto ina namna yake ya kurithishana. Rede haifundishwi na mwalimu wala mama. Mtoto wa miaka kumi humwingiza wa miaka saba, humwonyesha jinsi ya kukwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili huku akijaza mchanga kwenye chupa, na yule wa saba akifika kumi atamwingiza mwingine. Kombolela nayo ni hivyohivyo: mtafutaji analinda kopo lake, waliojificha wananyemelea, mmoja anachomoka mbio kulipiga teke na kuwakomboa wote waliokwishakamatwa. Mchezo huo mmoja una kukimbia kwa nguvu zote, kuchuchumaa kwa subira, kuruka ukuta, kusoma akili ya mwenzako, na ujasiri wa kujitoa kwa ajili ya kundi. Mdako, ambao wengi huudharau kuwa ni wa kukaa chini, unafundisha mkono na jicho kusikilizana: jiwe juu, vijiwe vingine vitolewe shimoni, jiwe lidakwe. Daktari wa viungo asingeweza kubuni zoezi bora kwa vidole vya mtoto anayejifunza kuandika. Mlolongo huo wa kurithishana ukikatika, hata kwa miezi tu, kuna kundi la wadogo linalopitwa. Mtoto aliyekuwa na miaka minne mwaka 2020, umri wa kuanza kutazama wakubwa wakicheza na kuingizwa kama nyongeza asiyehesabiwa, alikaa ndani msimu wote. Sasa yeye ndiye mkubwa wa mtaa, ndiye anayepaswa kuwaingiza wenzake.

Nchi hii imewahi kufanya kosa la namna hii kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yaliondolewa kwa miaka kadhaa, kwa hoja kuwa yanakula muda wa masomo. Waliokuwa wakifundisha wakati huo wanajua jinsi viwanja vilivyoota majani. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari zilirudishwa baadaye, na mwaka 2022 mashindano hayo ya taifa yalifanyika hapahapa Tabora, watoto kutoka kila mkoa wakijaza mji kwa sare za rangi zote. Ilikuwa furaha kubwa kwa wenyeji. Lakini mashindano yanawachukua waliokwisha kuwa bora. Anayehitaji kukimbia zaidi ni yule asiyechaguliwa hata kwenye timu ya darasa, mzito, mwenye haya, msichana aliyeacha kucheza tangu alipovunja ungo kwa kuwa alichekwa au kwa kuwa sare ya michezo haikumsitiri. Huyo hana mashindano. Ana mchakamchaka na mtaa tu, na vikipotea hivyo amebaki bila kitu.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu kinachotaja wajibu wa kumtunza mtoto, imeweka haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mzazi anayemnyima mtoto chakula tunamshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Sijawahi kusikia mtu aliyeitwa kwa mwenyekiti kwa kujenga ukuta kwenye uwanja wa watoto. Aidha Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ilitangazwa kuwa siku ya mazoezi kitaifa. Watu wazima wenye raba na fulana huonekana barabarani alfajiri wakikimbia vikundi vikundi, jambo jema kabisa. Ningefurahi kuwaona wamewashika watoto wao mkono, kwa kuwa ugonjwa wanaoukimbia wakiwa na miaka 45 hupandwa wakiwa na miaka minane.

Ndani ya nyumba yenyewe yapo yanayowezekana bila fedha. Mtoto mdogo wa mwaka mmoja hadi minne, kwa mwongozo wa WHO wa 2019, anahitaji kujongea kwa angalau dakika 180 zilizotawanyika katika siku, na kabla ya miaka miwili hana sababu ya kuwekwa mbele ya skrini kabisa. Dakika 180 zinaonekana nyingi mpaka uanze kumwacha afanye anachotaka kufanya: kupanda ngazi ya baraza, kukokota ndoo tupu, kumfuata kuku, kucheza ngoma mama anapopika. Kazi ya mzazi hapo ni kuondoa kisu, kufunika kisima na kutokumfunga mgongoni wala kumkalisha muda wote. Mkubwa wake apewe kipande cha kamba ya katani. Kamba inatosha kwenye uwani wa mita tatu, inafaa hata siku za ugonjwa, na dakika kumi za kuruka humwacha mtoto anahema. Mpira wa makaratasi na nailoni hauvunji kioo cha jirani. Kumtuma dukani kwa miguu, kumwacha aende shule na kundi la wenzake badala ya kumpandisha pikipiki pale ambapo barabara si ya hatari, kuzima televisheni mpaka jua lishuke: haya yanahitaji uamuzi wa mtu mzima mmoja. Wasichana wagawiwe kazi za nyumbani sawa na kaka zao. Hilo nalo ni suala la afya, kwa sababu saa moja ya vyombo ikigawanywa kwa mbili inambakizia msichana nusu saa ya rede.

Lakini uwani una kikomo, na hapo ndipo mtaa na kata wanapoingia. Korona haikuwa ya mwisho. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, Januari 2025 ukathibitishwa tena wilayani Biharamulo, na Machi 2025 nchi ikathibitisha wagonjwa wa homa ya nyani, mpox. Barabara zinazotoka Kagera na Kigoma kuja huku zina mabasi kila siku, kama njia ya misafara ilivyokuwa na wapagazi wake, na maradhi husafiri na watu. Siku moja itaamuliwa tena kuwa shule zifungwe, na huenda uamuzi huo ukawa sahihi. Ni lazima wakati huo tuwe tumekwisha kujua watoto watakimbilia wapi.

Mwaka 2020 viwanja vya shule vilikaa vitupu miezi mitatu huku watoto wakibanana vyumbani hatua chache kutoka hapo. Kwa ugonjwa unaoenea kwa hewa, uwanja wa wazi wenye miembe pembeni ni mahali salama kuliko ukumbi wa nyumba ya wapangaji. Ingewezekana watoto wa mtaa mmoja waje asubuhi na wa mtaa wa pili jioni, vikundi vidogo, mwalimu mmoja wa zamu na ndoo ya maji mlangoni, wasibadilishane vikundi. Kwa ugonjwa wa kugusana kama Marburg au mpox utaratibu ungekuwa tofauti, mkali zaidi, na wataalamu wa afya wa manispaa ndio wa kuuandika. Unaweza kuandikwa sasa, hakuna dharura, watu wana nafasi ya kubishana. Kamati ya Maendeleo ya Kata hukaa angalau mara nne kwa mwaka, diwani akiwa mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa wakiwa wajumbe. Mambo mawili yanatosha kwa kikao kimoja: orodha ya viwanja vya wazi vilivyobaki Gongoni, kila kimoja kikiwa na mipaka iliyoandikwa na jina la anayekilinda, na jibu la swali kwamba shule zikifungwa tena, nani atakayekuwa na ufunguo wa geti la uwanja.